Kumpata Profesa Mwandamizi wa Uhandisi Tiba Mtwara au Lindi: Mwongozo Kamili kwa Vyuo

Tangazo la nafasi ya profesa wa uhandisi tiba likitolewa peke yake huleta maombi ya aina mbili: ya wahadhiri ambao bado hawajafikia ngazi hiyo, na ya watu ambao muda wao wa utumishi umebaki mfupi. Yule mnayemhitaji, mwenye wanafunzi wa uzamivu na miradi inayoendelea, hasomi matangazo ya kazi. Ana maabara yake na heshima yake huko aliko. Atahama akionyeshwa kazi nzito ambayo huko haiwezekani, na akiamini kwamba chuo kimejiandaa kuibeba kazi hiyo pamoja naye. Mikoa ya kusini mwa Tanzania inayo kazi ya namna hiyo. Kinachokosekana mara nyingi ni maandalizi, na mwongozo huu ni wa maandalizi hayo.

Hesabuni miezi 18 tangu kikao cha kwanza hadi profesa aingie darasani. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya mishahara huandaliwa miezi mingi kabla. Mkitaka aanze mwezi Oktoba, nafasi yake iwe imeingia kwenye ikama (idadi ya watumishi walioidhinishwa) na kwenye bajeti inayoanza Julai ya mwaka huohuo. Kwa hiyo kazi ya awali ianze Aprili au Mei ya mwaka uliotangulia. Chuo kinachokumbuka ikama baada ya kumpata mtu humpoteza mtu huyo akiwa anasubiri kibali.

Anzeni wodini, si ofisini

Uhandisi tiba ni uwanja mpana. Kuna anayeshughulika na picha za mionzi, kuna wa mawimbi ya moyo na ubongo, wa viungo bandia, wa kuotesha tishu, na kuna wa kubuni na kutunza vifaa tiba vya hospitali. Mtu wa tishu anahitaji vyumba safi vyenye hewa iliyochujwa, friji za nyuzi 80 chini ya sifuri na kemikali zinazosafiri kwa baridi. Mkimleta Mtwara bila hivyo, mwaka wa pili atakuwa anafundisha hesabu za mwaka wa kwanza, na wa tatu ataondoka. Kosa hili la kuchagua tawi lisilolingana na mahali ndilo linalogharimu kuliko yote, na hutokea kwa sababu nafasi huandikwa kwa kunakili tangazo la chuo kingine.

Kabla ya kuandika neno lolote la tangazo, fanyeni sensa ya vifaa tiba. Wiki tatu zinatosha kwa hospitali nne au tano: Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo na Ligula kwa upande wa Mtwara, Sokoine kwa upande wa Lindi, pamoja na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Ombeni ruhusa kwa waganga wakuu kwa barua, mkieleza kwamba taarifa hizo hazitatumika kulaumu mtu. Tumeni watu wawili: mhandisi au fundi wa vifaa tiba, na muuguzi mzoefu. Muuguzi anajua mashine ipi ipo kwenye orodha lakini haijawashwa tangu iletwe.

Kwa kila kifaa andikeni mambo manane: aina, mtengenezaji na modeli, mwaka kilipofika, kinafanya kazi au hakifanyi, kilichoharibika ni nini, mara ya mwisho kupimwa usahihi ni lini, vipuri vinatoka wapi, na nani anakitunza. Safu ya tano ndiyo yenye thamani. Pwani hii ina unyevu na hewa ya chumvi. Viunganishi vya umeme hupata kutu, lenzi za hadubini huota ukungu, na mashine za kuzalisha oksijeni hupoteza nguvu kwa sababu zeolaiti iliyo ndani yake, yaani chembe za madini zinazochuja hewa, hunyonya unyevu badala ya kutenga naitrojeni. Umeme ukiyumba huunguza sehemu ya kupokelea umeme kabla ya sehemu nyingine yoyote. Mkirudi na majedwali hayo mtaona wenyewe ni tawi gani linalohitajika. Kwa mazingira ya Mtwara na Lindi, hoja huelekea kwa mtu wa vifaa vya hospitali, vipimo na ubunifu wa mashine zinazostahimili joto, unyevu na umeme usiotulia. Picha za mionzi zinaweza kuwa tawi la pili, kwa kuwa hospitali za rufaa zina mashine hizo tayari.

Sensa hii pia ndiyo chambo chenu. Profesa mzito akipokea kurasa kumi na tano za takwimu halisi za vifaa vilivyokufa na sababu za kufa kwake, anaona ndani yake machapisho, tasnifu za uzamivu na maombi ya ruzuku. Barua ya sifa za chuo haimpi kitu cha namna hiyo.

Andikeni nafasi inayoweza kuajiriwa

Kwa chuo cha umma, njia ni ile ya kawaida: ikama, kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, kisha mchakato wa ajira. Uteuzi wa ngazi ya profesa huishia kwenye Baraza la Chuo, kwa hiyo angalieni ratiba ya vikao vyake. Baraza likikaa mara nne kwa mwaka na ninyi mkakosa kikao kimoja kwa wiki moja, mmepoteza miezi mitatu. Chuo binafsi kina uhuru zaidi kwenye ikama, lakini sifa za ngazi kwa mujibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) zinakihusu vilevile.

Angalieni umri bila haya. Kwa maprofesa, maprofesa washiriki na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma, kustaafu kwa lazima ni miaka 65. Aliye na miaka 62 atawapa mitatu, na mwanafunzi wa uzamivu atakayeanza naye huenda akabaki yatima. Si kwamba asichukuliwe. Achukuliwe kwa mkataba wa kujenga idara na kulea mrithi, na mrithi huyo awe ameajiriwa kabla yake.

Mkataba una sura tatu zinazofaa. Ajira ya kudumu ni kwa Mtanzania aliye tayari kuhamia. Mkataba wa muda ni kwa mgeni au kwa mtu aliye nje anayetaka kujaribu. Ya tatu ni profesa mgeni, anayekuja miezi mitatu hadi kumi na miwili akiwa kwenye likizo ya utafiti ya chuo chake. Ushauri wetu ni kuanza na hiyo ya tatu pale mnapokuwa hamna maabara bado. Atashiriki kuichora, na akirudi kwao atakuwa ameshaacha nusu ya moyo wake Mtwara. Wengi waliohamia vyuo vidogo walianza hivyo, kwa kuwa familia nayo hupata muda wa kuonja maisha kabla ya kuuza nyumba.

Jambo moja lisisahauliwe: shahada mpya haiwezi kudahili wanafunzi kabla mtaala haujaidhinishwa na TCU. Mleteni profesa kabla mtaala haujafungwa. Anayekuta mtaala uliokwisha kuandikwa na watu wengine hujiona mwajiriwa wa kufundisha, aliyeuandika huulinda.

Fungu la kuanzia kazi

Hapa ndipo vyuo vingi huahidi kwa maneno. Swali la kwanza la profesa yeyote makini litakuwa: nitafanyia kazi wapi, na nani, na kwa fedha gani ya miaka miwili ya mwanzo? Jibu liwe karatasi yenye saini ya afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za chuo.

Chumba cha maabara kisipungue mita za mraba 80 kwa kundi la wanafunzi 20. Kiwe na viyoyozi viwili badala ya kimoja kikubwa, ili kimoja kikifa kazi isisimame, pamoja na mashine ya kupunguza unyevu. Lengo ni unyevu wa hewa chini ya asilimia 60 mchana na usiku. Viyoyozi vikizimwa saa kumi jioni, unyevu hupanda usiku na vifaa huharibika hata kama havijatumika. Wekeni kipima unyevu ukutani na daftari pembeni yake.

Umeme wa 230 V uingie kupitia kidhibiti umeme, na meza za vipimo ziwe na UPS (betri ya akiba). Waya wa ardhi upimwe na fundi, na matokeo yaandikwe. Maabara ya vifaa tiba isiyo na ardhi nzuri hutoa vipimo vya uvujaji wa umeme visivyo na maana, na ni hatari kwa wanafunzi.

Vifaa vya kuanzia kwa meza kumi, wanafunzi wawili kila meza: osiloskopu (vionyesha mawimbi ya umeme) kumi, vyanzo vya umeme vya kurekebishika kumi, jenereta za mawimbi kumi, multimita kumi na tano (tano ni za akiba, kwa sababu fyuzi huungua kila wiki), na vituo kumi vya kuchomelea vyenye kifyonza moshi. Vya kushirikiana: kipima usalama wa umeme wa vifaa tiba kimoja au viwili, kiigizaji cha mgonjwa kinachotoa mawimbi ya ECG (umeme wa moyo), shinikizo la damu na oksijeni, kipima pampu za dripu, kipima difibrileta (mashine ya kushtua moyo), kipima kiwango cha oksijeni, na printa za 3D mbili. Ongezeni mashine zilizokufa kutoka hospitalini, walau ishirini, kwa hati ya makabidhiano. Hizo ndizo vitabu vya darasa hili. Kabla ya kuzipokea zisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu, na zile zenye chanzo cha mionzi zisiguswe mpaka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) ihusishwe.

Vipimaji hivyo lazima navyo vipimwe usahihi, kwa kawaida kila mwaka, na mara nyingi hiyo humaanisha kuvisafirisha nje ya mkoa au nje ya nchi. Tengeni fedha hiyo mwanzoni. Kipima usalama kilichopitwa na miaka mitatu bila kupimwa hakimshawishi mhakiki wa jarida lolote.

Kwenye watu: fundi sanifu wa maabara mmoja wa kudumu, wahadhiri wasaidizi wawili, na nafasi mbili za ufadhili wa uzamivu. Mkilazimika kukata, kateni vifaa, msikate fundi sanifu. Profesa bila fundi huishia kubadilisha fyuzi mwenyewe. Mafundi na wahandisi vijana watafuteni kwa waliohitimu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, ambako fani hii inafundishwa.

Vipuri vya mwaka mzima viwepo stoo. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na kila mwenye mzigo njiani aliona maana ya kutegemea barabara moja.

Hospitali iingie kwenye mkataba

Makubaliano ya chuo na hospitali yasainiwe kabla ya usaili. Yataje saa ambazo profesa na wanafunzi wataingia wodini na karakana, nani anabeba dhamana wakigusa mashine inayotumika kwa mgonjwa, na nani anamiliki kitakachobuniwa. Utafiti unaohusu wagonjwa unahitaji kibali cha maadili, na mtafiti mgeni anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kifaa kitakachofika hatua ya kutumika kwa wagonjwa kitapita kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Andaeni ukurasa mmoja unaoonyesha njia hiyo na mhusika wa kila hatua ndani ya chuo. Wageni huogopa urasimu usioeleweka kuliko urasimu mrefu.

Kumtafuta

Undeni Kamati ya Utafutaji yenye watu watano hadi saba: mkuu wa ndaki au kitivo, mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), daktari bingwa kutoka hospitali mtakayoshirikiana nayo, mtu wa utumishi, na profesa mmoja wa fani hii kutoka chuo kingine kabisa. Bila huyo wa nje, kamati haitaweza kutofautisha machapisho mazito na mepesi.

Kamati iandike majina thelathini kabla tangazo halijatoka. Yatafuteni kwa wahariri na wahakiki wa majarida ya fani, kwa waandishi wa makala kuhusu vifaa tiba katika nchi zenye uhaba, na katika vyuo vya Afrika vyenye idara hizi kama Makerere, Cape Town, Addis Ababa na Chuo Kikuu cha Ghana. Watanzania walioko nje wapewe kipaumbele, lakini ulizeni mapema kuhusu uraia: Tanzania hairuhusu uraia pacha, na aliyechukua pasi ya nchi nyingine atahitaji kufuatiliwa hadhi yake Uhamiaji kabla ya mkataba.

Barua ya kwanza iandikwe na mtu mmoja mwenye jina, isiwe ya jumla. Kwa Mtanzania aliye nje inaweza kuwa hivi:

"Profesa, shikamoo na pole na majukumu. Tumekagua vifaa tiba katika hospitali tano za Mtwara na Lindi na tumeambatanisha matokeo. Tunaanzisha idara ya uhandisi tiba, na kazi yako kuhusu vipimo vya oksijeni inagusa moja kwa moja tulichokikuta kwenye jedwali la tatu. Tunaomba dakika thelathini za maongezi kwa siku utakayopanga. Kama nafasi yako hairuhusu, tutashukuru ukitutajia watu wawili unaowaamini."

Sentensi ya mwisho hupata majibu zaidi kuliko zile za juu. Asiyetaka kuja huona deni la kutaja wengine, na majina yanayotajwa na zaidi ya mtu mmoja ndiyo ya kufuatilia kwanza. Tangazo rasmi litoke baadaye, kwa kuwa utaratibu na haki vinalitaka, nao mliozungumza nao waombe kama wengine wote. Nyaraka zao zitunzwe kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wasifu wa profesa aliye kazini ukizagaa kwenye makundi ya WhatsApp, mwajiri wake ataujua kabla yeye hajaamua.

Kusoma wasifu

Msihesabu machapisho. Chagueni matano ya miaka saba ya karibuni, msome. Katika fani hii, kiongozi wa kundi mara nyingi huandikwa wa mwisho na mwanafunzi wa kwanza. Anayeonekana katikati ya orodha kila mara huenda alikuwa msaidizi tu. Linganisheni orodha za machapisho yake kwenye Scopus, Google Scholar na ORCID: tofauti ndogo ni kawaida, tofauti kubwa iulizwe. Majarida ya kulipia yanayopokea makala ndani ya siku chache yaondolewe kabla ya hesabu yoyote.

Tazameni mambo matatu ambayo wasifu mwingi huyaficha. Wanafunzi wake wa uzamivu wangapi walimaliza, na sasa wako wapi? Ruzuku zake aliziongoza yeye, au alikuwa mshirika? Kuna kifaa chochote alichobuni kinachotumika hospitalini leo, au vyote viliishia kwenye makala? Hataza iliyosajiliwa ni jambo zuri, ila kifaa kinachofanya kazi wodini ni ushahidi mkubwa zaidi.

Ziara ya siku tatu

Mleteni kati ya Juni na Agosti, wakati mvua zimekwisha. Mtwara ni mwendo wa saa moja hivi kwa ndege kutoka Dar es Salaam, na kilomita 560 hivi kwa gari. Mwalikeni na mwenza wake, kwa gharama ya chuo. Anayeamua kuhusu kuhama mara nyingi hayumo kwenye chumba cha usaili.

Siku ya kwanza apelekwe hospitalini, karakana na wodi ya watoto wachanga. Mwacheni azungumze na wauguzi bila viongozi. Siku ya pili atoe mhadhara wa wazi wa dakika 40 kwa wanafunzi ambao si wa fani yake, kisha usaili. Msimwulize nguvu zake na udhaifu wake. Mwekeeni mashine ya kuzalisha oksijeni inayotoa hewa yenye oksijeni asilimia 70 wakati kiwango cha chini kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni 82, mwulize angeanzia wapi. Mtu wa fani atataja vichujio, kompresa, uvujaji na zeolaiti iliyolowa. Profesa mwandamizi atauliza pia mashine ilikaa chumba gani, nani aliiwasha, na kwa nini hakuna aliyepima kabla; halafu ataligeuza kuwa swali la utafiti. Mwulizeni vilevile kuhusu vipima oksijeni vya kidoleni, ambavyo vinaweza kusoma juu kuliko ukweli kwa wenye ngozi nyeusi, na jinsi angelipima jambo hilo hapa. Hatimaye mpeni bajeti pungufu ya theluthi moja, aseme nini angekata. Majibu ya hilo yanaonyesha tabia yake kuliko barua zote za wadhamini.

Siku ya tatu ni ya makazi na shule. Onyesheni nyumba halisi, Shangani au karibu na chuo, yenye tangi la maji na jenereta. Picha za nyumba itakayojengwa hazisaidii. Kuhusu shule na huduma za afya semeni ukweli wote, pamoja na upungufu. Aliyeambiwa ukweli hupanga. Aliyefichwa hurudi kwao kabla ya mwaka.

Uhakiki na vibali

Pigieni simu wadhamini watatu, na mmoja msiyetajiwa na mwombaji, kwa ridhaa yake. Swali linalofaa ni: kundi lake lilifanyaje alipokuwa safarini miezi mitatu? Machapisho yapelekwe kwa watathmini watatu wa nje. Shahada za nje zitambuliwe na TCU. Hilo lianze siku ya kuchuja majina, lisisubiri ofa. Kwenye utumishi wa umma vyeti vya sekondari navyo huulizwa, hata kwa profesa, na aliyesoma nje atahitaji ulinganifu wa Baraza la Mitihani (NECTA). Mwambieni mapema ili asijione anadharauliwa.

Kwa mgeni, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, na kibali cha ukaazi na Uhamiaji. Wahadhiri wa sayansi na hisabati wamo katika daraja B la vibali vya kazi. Kibali hakizidi miezi 24 kwa mara moja, na pamoja na kuhuishwa hakizidi miaka mitano, kwa hiyo mkataba ulingane na hesabu hiyo. Maombi hukwama mara nyingi kwa sababu ya mpango wa kurithisha kazi ulioandikwa kwa sentensi mbili. Wekeni majina ya Watanzania wawili watakaofundishwa, shahada watakayosoma, na tarehe. Akifanya kazi za kihandisi nje ya darasa, usajili wa muda wa ERB nao ufuatiliwe.

Ofa

Ofa itolewe na Makamu Mkuu wa Chuo kwa simu kwanza, barua ifuate ndani ya siku saba. Itaje mshahara, posho ya makazi, gharama za kuhama, fungu la maabara na tarehe za kutolewa kwake, mzigo wa kufundisha usiozidi somo moja kwa muhula mwaka wa kwanza, na asilimia ya ruzuku atakazoleta zitakazobaki kwenye maabara. Mpeni wiki nne za kufikiri. Atahitaji miezi mitatu hadi sita ya notisi, na wanafunzi wake wa sasa wasitupwe: kubalini aendelee kuwasimamia kwa mbali.

Msimpe ukuu wa idara mwaka wa kwanza. Vyuo hufanya hivyo kwa heshima, na hapo ndipo utafiti wake hufa, kwa vikao. Anayesimamia idara awe mhadhiri mwandamizi aliyepo, naye profesa amsaidie. Kila miezi mitatu Makamu Mkuu wa Chuo apitie naye orodha moja tu: kilichoahidiwa kwenye ofa, kilichotolewa, kilichobaki na nani anakifuatilia. Na mgombea wa pili msimfungie mlango mpaka wa kwanza awe ameripoti kazini. Wa kwanza hujiondoa mara nyingi kati ya kusaini na kuhama, mwajiri wake wa zamani anapopandisha dau.